Amemchongea Mwanangu

Komeo liligongwa kwa nje, na Wendelin akabaki na harufu ya kahawa. Kahawa yenyewe haikuwepo. Ghala lilikuwa tupu tangu ushirika uanguke na wanunuzi binafsi waanze kupita na magari yao nyumba kwa nyumba. Siku hizi kijiji kilifungia humo mbuzi walioharibu mashamba ya watu. Leo kilimfungia fundi wa kuchonga.

Aliketi juu ya mizani mbovu. Sauti za nje alizijua. Zilikuwa za watu aliowachongea mipini ya majembe, na sasa walikuwa wakibishana kama achomewe nyumba kwanza au afukuzwe kwanza.

Yote yalitokana na neno moja. Ijumaa lori la Raimundi lilikamatwa likipandisha magogo ya mninga kutoka upande wa Ngumbo, na Raimundi akatiwa mahabusu. Kahawa ilipokosa bei, magogo hayo ndiyo yaliyowapa nusu ya vijana wa kijiji chumvi na sabuni. Jumapili, baada ya sala za jumuiya, mama yake Raimundi, Bibi Hildegardi, alisema mbele ya watu: "Wendelin amemchongea mwanangu. Mungu atamlipa."

Kumchongea mtu kigoda, kumchongea mtu kwa serikali: Kiswahili kimeyapa mambo hayo neno moja, wala hakikujali nani atalala na mbuzi kwa ajili yake.

Mlango ulifunguliwa. Mwenyekiti Egidi aliingia, wengine wakajazana kizingitini.

"Fundi, taja aliyekutuma."

"Sijatumwa, mzee. Mimi nachonga tu."

"Ndivyo tunavyosikia," mtu mmoja akasema kutoka mlangoni, na wenzake wakacheka vibaya.

"Bibi alimsema Tobias," Wendelin akasema. "Nilimchongea Tobias msalaba wa kaburini."

Kicheko kilikatika. Tobias alikuwa kifungua mimba wa Hildegardi, na udongo wa kaburi lake ulikuwa bado haujaota majani.

"Msalaba wa mti gani?" Egidi aliuliza, kama mtu anayetega mtego.

"Mninga."

"Sisi wengine tunawawekea wetu mkaratusi."

"Mkaratusi unajipinda, mzee. Mwaka ukigeuka, mkono mmoja wa msalaba umeinama kama unaaga. Mkuyu ni laini, unachongeka vizuri, lakini mchwa nao wanaupenda. Mpingo hauliwi na chochote, ila tezo linaruka, utachonga mpaka mama mwenyewe afe." Alipoanza kuisema miti, sauti yake ilitulia. "Nilitaka kiini cha mninga, ile sehemu nyekundu. Nyeupe ya nje unaitupa. Unagonga gogo kwa mgongo wa tezo. Likilia kwa sauti kavu, hilo ni lako. Likinyamaza, bado lina maji, litakuja kupasukia makaburini."

Egidi alikuwa ameanza kutikisa kichwa polepole, kisha akakumbuka kazi iliyomleta.

"Na kiini hicho ulikipata wapi? Siku hizi mninga hata wa kigoda haupatikani."

"Palikuwa na magogo mengi. Nikachagua."

"Palikuwa wapi?"

Watu mlangoni walianza kusukumana, wakaachia njia. Shikamoo zikamiminika. Bibi Hildegardi aliziitikia zote kwa marahaba moja, akasimama katikati ya ghala na kanga yake ya msibani.

"Mnamfungia mtu kwa maneno yangu, na mimi mwenyewe sijaulizwa?"

"Bibi," Egidi akasema, "ulisema amemchongea mwanao."

"Mwanangu, ndiyo. Kwani nimezaa mmoja?"

"Lakini Raimundi ndiye yuko mahabusu. Tungejuaje kwamba unamsema marehemu?"

"Raimundi atatoka. Tobias ndiye hatoki. Huyu amemchongea msalaba, hata kuku hakuniomba. Nikasema Mungu atamlipa. Mlitaka nisemeje, Kilatini?"

Safari hii walicheka vizuri. Egidi alimpangusa Wendelin vumbi begani, akamwomba radhi mbele ya wote, akasema Kiswahili hiki kitakuja kuwamaliza. Mtu akaleta togwa. Wendelin alipokea kwa mikono miwili, akanywa, nusu ikamwagikia shatini.

Hildegardi alimsindikiza hadi njia panda, akiwa amemshika mkono kama anavyoshikwa mfiwa. Walipobaki wawili, alisogeza mdomo karibu na sikio lake.

"Magogo mengine ya Raimundi hawakuyaona. Yako nyuma ya zizi langu la nguruwe, chini ya mabua. Siku ukihitaji, njoo uchague lililo bora. Wewe ni mwanangu sasa, sikufichi kitu."

"Asante, mama," Wendelin akajibu, macho yake miguuni pa bibi. Hildegardi alidhani anataka kulia. Akamwachia mkono aende.

Hakwenda kwake. Aliteremka njia ya ziwani hadi nyumba ya Bwana Misitu Praygod, akazungukia uani bila kupiga hodi. Praygod alikuwa anakula. Alinawa mikono taratibu, akachukua ufunguo, akafungua stoo iliyojaa mninga uliokamatwa Ijumaa.

"Chagua moja, kama kawaida," alisema. "Ila jina kwanza."

"Leo sina, bwana."

Praygod hakukasirika. Aliegemea mlango mpaka ukajifunga nyuma yao.

"Nasikia walikufungia. Wakija kuniuliza mimi, niwaambie nini?"

Wendelin alilitazama gogo lililokuwa karibu naye.

"Nyuma ya zizi la nguruwe," akasema. "Chini ya mabua."