Darasa Lisilo na Ubao

Mkaguzi Odeta aliingia Kidato cha Nne B, akatafuta ubao, asiuone. Ukutani ilibaki misumari minne tu.

"Niliung'oa mwenyewe, mama," alisema Masele, mwalimu wa Kemia. "Ubao unamfanya mwalimu mungu mdogo. Hapa mwanafunzi ndiye kiini cha somo."

Madawati yalipangwa kwa makundi. Wanafunzi walijadiliana, Masele akipita katikati yao kimya, mikono nyuma. Kila kundi lilikuwa na mmoja anayejua: hapa Jayant, kule Gladness, pale Alia. Walizimaliza hesabu za moli haraka hadi mkaguzi akasahau kuketi. Enzi hizo za ruksa, biashara zilipofunguliwa na Mwanza nzima kila mtu akiuza alichonacho, hakuwa ameona mwalimu wa kujinyima sifa namna hii.

Ndipo Sabina alipoharibu mambo.

"Mwalimu, mimi bado sijaelewa. Hesabu hii inaanzia wapi? Tangu muhula uanze unatuambia tuulizane. Tufundishe basi, hata mara moja."

Masele alitabasamu kwa upole.

"Unaona, mama? Wengine wamezoea kulishwa. Waulize wenzako, Sabina."

"Nimewauliza. Wanasema nije kwako."

Hakuwa mtovu wa adabu, alikuwa na hofu. Mtihani wa taifa ulikuwa mlangoni, na baba yake kule kijijini Kamanga alishasema wazi: akifeli, ng'ombe wa mahari wa mzee Chenge, aliyemposa, watapokelewa.

Mkaguzi alimsifu Masele mbele ya walimu wote. Alipoondoka tu, mkuu wa shule akamwita Sabina ofisini.

"Umetuaibisha mbele ya mgeni. Nenda leo hii kwa mwalimu wako ukamwombe radhi. Vinginevyo usirudi hapa."

Sabina alichukua michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, aliyoletewa na mama yake, akaifunga kwenye kitambaa, akaenda kwa miguu hadi Buzuruga, alikoishi mwalimu. Njia nzima alijilaumu. Wenzake walielewa kwa kuulizana tu, yeye ndiye mzito wa kichwa. Na mwalimu mwenye moyo kama ule, yeye akamvunjia heshima mbele ya watu! Aliona aibu hadi machozi yakamtoka. Aliyarudia maneno ya kuomba radhi mpaka yakamkaa mdomoni.

Nyumba ya Masele ilikuwa na bati jipya linalong'aa. Barazani vilijaa viatu vya shule, na Tereza, mke wa mwalimu, alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na mlango.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja na hela?"

"Hapana, mama. Nimekuja kumwomba mwalimu msamaha. Nimemletea michembe."

Tereza aliitazama michembe, akasogeza kigoda kuziba mlango.

"Hela kwanza, mwanangu. Wenzako wote wametoa."

Upepo wa ziwani ukapeperusha pazia. Ndani, mbele ya Jayant, Gladness na Alia, Mwalimu Masele alisimama na chaki mkononi, akieleza taratibu, hatua kwa hatua, hesabu za moli zinaanzia wapi, kwenye ubao mweusi ulioandikwa pembeni kwa rangi nyeupe: KIDATO IV B.