Wimbo wa Chiriku na Vidonda vya Punda

Chiriku alikuwa mtunzi, na wimbo wake uliopendwa kuliko nyingine zote ulisema, "Vumilia, mgongo, kilima kina mwisho." Punda aliuimba kila siku akimbebea Fisi magunia ya chumvi, nayo chumvi ikimchoma vidondani. Siku moja akaanguka.

Chiriku akatua kando yake, akilia. "Pole, ndugu yangu. Wimbo wangu haukukusaidia kitu."

"Ulinisaidia sana," Punda akasema kwa shida. "Kila nilipotaka kuutupa mzigo, nilikumbuka wimbo wako, nikaendelea."

Akakata roho.

Chiriku akaapa kutunga wimbo wa kutupa mizigo. Kabla hajapata hata neno la kwanza, alimsikia Fisi akimfundisha punda mwingine ule wa zamani. Hakukosea hata neno moja.