Kiapo Juu ya Kompyuta

Mkulima wa kwanza kwenye skrini ya Suad alikuwa marehemu mjomba wa Nekesa.

Nekesa aliinama, akasoma tena. Jina lilikuwa la mjomba, kijiji kilikuwa Bokoli, na zile ekari mbili na nusu zilikuwa zake. Mzee huyo hakununua mbegu Kitale hata siku moja. Nekesa mwenyewe ndiye aliyemwandika humo, alipohitaji majina ya kujaribia kazi yake.

"Hii umeitoa wapi?"

"Ni jaribio la usaili," Suad alisema. "Ile kampuni ya mbegu ya Kitale. Walinipa majedwali ya wakulima, wakaniambia niongeze ya maghala. Sikufaulu."

"Hayo ya wakulima ni mimi nilitengeneza. Mimi pia sikufaulu."

Kikundi cha watumiaji wa hifadhidata cha Bungoma kilikutana kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, na siku hiyo walikuja wanne tu. Nekesa alikuwa na duka la kuchapa na kutoa nakala. Suad alitoka Matisi. Kiptum alishuka kutoka mlimani, kijana mpole asiyesema sana. Mwenyekiti wao, Mzee Barasa, alikuwa ametunza rekodi za kiwanda kwa miaka thelathini mpaka kilipofungwa.

Kiptum akakohoa. "Mimi walinipa usafirishaji."

"Na mimi, mauzo," Mzee Barasa alisema polepole. Tangazo lile la kazi ni yeye aliyelileta kwenye kikundi.

Walisogeza kompyuta zao pamoja. Sehemu zote nne zilifuatana kama vyumba vya nyumba moja.

"Ati usaili!" Suad alisema. "Wametujengesha bure, bana. Tena kila mmoja anaambiwa hafai."

Kilichobaki ni kazi moja: kuziunganisha, ili ombi la mkulima liende ghalani, na kutoka ghalani liende kwenye lori. Hakuna ambaye angeweza kuifanya bila kuona kazi ya wenzake. Sasa wote wanne walikuwa wameiona.

Kabla chai haijamiminwa, simu nne zililia kwa pamoja. Ujumbe ulikuwa mmoja, kutoka kwa meneja wa ile kampuni ya mbegu. Atakayetuma sehemu ya kuunganisha kabla ya Jumapili jioni aje ofisini Kitale Jumatatu saa mbili asubuhi, achukue barua ya ajira. Nafasi ilikuwa moja.

"Hatumpi," Mzee Barasa alisema. "Tukimnyima sote, atakuja hapa kutubembeleza, na atatulipa. Mmoja wetu akimpa, tumekwisha." Alifunga kompyuta yake, akaweka kiganja juu. "Lete mikono. Tuape."

"Wallahi, situmi," Suad alisema.

Nekesa aliapa. Kiptum alikuwa wa mwisho, na mkono wake ulichelewa.

"Mbona unasitasita wewe?" Nekesa aliuliza.

"Nina watoto watatu, dada. Si nimeweka?"

"Na sisi wengine tunakula hewa?"

Wote walicheka, isipokuwa Kiptum. Nekesa hakuupenda mkono ule uliochelewa. Kwa miaka miwili alikuwa ameitwa kwenye usaili mara saba, na dada yake alikuwa ameacha kumuuliza matokeo. Kama yeye aliweza kuapa, nani alikuwa na haki ya kusita?

Jumapili, baada ya kanisa, alifungua duka nusu mlango, akakaa mbele ya kompyuta mpaka ugali aliotumiwa na mama yake ukapoa. Ndipo akampigia Kiptum. Simu ililia mara tatu bila kupokelewa.

Akampigia Mzee Barasa. "Mzee, yule kijana anatuuza."

"Usimhukumu mwenzako, binti yangu." Mzee alisikika kama mtu aliyekatizwa kazi. "Kiapo ni kiapo. Tuzungumze kesho."

Jumatatu Nekesa aliamka alfajiri, akavaa gauni lake la bluu, akachukua bahasha ya vyeti na kwenda Kitale. Njia nzima alijiambia anataka kumwona msaliti kwa macho yake.

Alimkuta kwenye benchi nje ya ofisi ya meneja, amevaa koti na tai.

"Nilijua! Nilijua ni wewe, Kiptum."

"Nimekuja kuangalia nani atakuja."

"Na tai?"

"Baridi ya Kitale, dada."

Pembeni yake mwanamke aliyekuwa ameelekea ukutani aligeuka. Alikuwa Suad. "Hata mimi nimekuja kuangalia tu," alisema.

Viatu vilisikika kwenye ngazi. Mzee Barasa alitokea, viatu vyenyewe viking'aa, akawatazama mmoja mmoja.

"Vizuri," alisema. "Tuko wote. Tutamngoja huyo msaliti pamoja."

Akaketi. Nekesa akaketi mwishoni mwa benchi.

Mlango ukafunguka. Karani alisimama hapo na karatasi mkononi. "Mliotuma ile sehemu, meneja anasema msimame, muingie."

Hakuna aliyetikisika.

"Majina ninayo hapa. Niyasome?"

Kiptum akasimama. "Nisamehe, dada," alisema, akitazama sakafu. Kisha Suad akasimama, akivuta mtandio usoni. Mwisho Mzee Barasa akashika mgongo wa benchi na kujiinua, goti moja baada ya jingine.

Nekesa akabaki ameketi peke yake. Hakuna hata mmoja aliyeweza kumtazama machoni.

"Binti yangu," Mzee Barasa alisema, "kati yetu, wewe peke yako ndiye ulikuwa mtu."

Karani aliwahesabu, akaangalia tena karatasi yake.

"Lakini wa kwanza kutuma," alisema, "bado amekaa."