Kibali cha Uuguzi wa Juu

Mgonjwa wa kitanda cha dirishani alikuwa anacheka.

"Mzee Sila, tafadhali ugua," Ebenezer alimsihi. "Gari la mkaguzi limeshaingia getini."

"Niugue nini? Hiyo malaria uliyonipa siitaki. Malaria kila mtu anayo. Nipe presha."

"Haya, chukua presha, mzee wangu. Ila usicheke."

Ilikuwa miaka ya ruksa. Aliyetaka kuuza mitumba aliuza, aliyetaka kufungua shule alifungua. Ebenezer alikuwa na gesti na baa pale Miyuji. Wateja walipopungua, akaona wagonjwa hawapungui. Akang'oa kibao cha gesti, akapigilia kingine: Chuo cha Uuguzi wa Juu. Manesi waliokwisha kusoma wangekuja kuongezewa elimu, wajue kupima na kutibu wenyewe mahali ambapo daktari hayupo. Na mahali ambapo daktari hayupo ni pengi, hilo hakuna anayebisha.

Wazo lilikuwa zuri. Vingine vyote vilikuwa vya kuazima.

Kitu pekee cha kweli chuoni hapo kilikuwa mkewe, Evelina, nesi wa miaka mingi. Aliacha kazi yake hospitalini aje kuwa mkuu wa chuo, kwa sababu mumewe alimwapia kwamba kila kitu kiko tayari. Asubuhi hiyo sanduku lake lilikuwa mlangoni mwa ofisi, limefungwa kamba.

"Baba Miriam, leo tukinyimwa kibali, mimi nalala kwetu Mvumi," alisema. "Wewe utabaki na wagonjwa wako."

"Hatunyimwi. Maswali yote niachie mimi. Dawa ya mkaguzi ni kuwa mkali kuliko yeye."

Mkaguzi, Bi Anastazia, alikuwa mama mnene wa makamo, miwani puani. Alishuka garini, akasalimia, akaletewa soda, akaikataa. Ebenezer akaingiwa na hofu. Mkaguzi anayekataa soda ni mtu wa hatari.

Walianzia darasani. Mifupa ya kufundishia ilining'inia ukutani, miguu yote miwili ya kushoto. Bi Anastazia aliitazama sana. Wakaingia wodini. Hapo alisimama Tereza, mhudumu wa baa mpaka juma lililopita, sasa kavishwa gauni jeupe la nesi, ajifanye mwanafunzi.

"Binti, mgonjwa anaomba maji. Unafanya nini?"

"Shikamoo mama. Namuuliza, ya moto au ya baridi?"

Evelina akafumba macho.

"Na wewe mzee, unasumbuliwa na nini?"

"Presha," Mzee Sila alijibu kwa fahari. "Imeniingia sasa hivi. Kabla yake nilikuwa na malaria."

Bi Anastazia akavua miwani, akaifuta kwa kanga, akairudisha.

"Bwana Ebenezer, mafunzo yenu ni ya muda gani?"

"Miaka mitatu, mama! Haipungui hata siku."

"Mitatu? Tuseme mtu ana uzoefu wake, kafanya kazi miaka mingi. Hamuwezi kumpunguzia?"

Ebenezer akauona mtego. Akakaza uso.

"Hapa hakuna njia za panya, mama. Uzoefu wake akae nao nyumbani."

"Na mwenye kazi yake mjini, hawezi kuja jioni?"

"Achague moja. Kazi au shule."

Bi Anastazia akashusha pumzi. Ebenezer akamkonyeza mkewe: unaona navyommaliza?

"Swali la mwisho. Mtu wa umri wangu, mnampokea?"

"Kwa heshima yako, mama, hapana. Umri huo akili imeshaganda. Sisi tunataka vijana."

Mkaguzi aliondoka wodini kwa haraka, wenye chuo nyuma yake, akaingia ofisini, akakaa kwenye kiti cha Evelina bila kukaribishwa.

"Mifupa yenu ina miguu ya kushoto mitupu," alisema. "Mwanafunzi wenu anauza bia. Wagonjwa wenu wana afya kuliko mimi. Hayo nimeyazoea, ningeyasamehe yote. Lakini huu ukali wenu! Ukali huu, Bwana Ebenezer, ndio unaonikwamisha."

Ebenezer akageuka kumtazama mkewe.

Evelina alivua kofia yake ya unesi, akaiweka juu ya meza mbele ya mumewe, akainama, akashika kamba ya sanduku.

"Mama, hebu acha hilo sanduku," Bi Anastazia alisema. "Kwanza funga mlango."

Evelina akafunga mlango, mkono mmoja bado kwenye sanduku. Mkaguzi akasogeza kiti karibu na meza, akaishusha sauti.

"Wakubwa wetu wametoa viwango vipya. Anayekipa kibali chuo cha uuguzi wa juu, sharti na yeye awe amehitimu uuguzi wa juu. Na nchi nzima chuo cha namna hiyo hakipo, ila hiki chenu ambacho bado hakina kibali. Kwa hiyo nihitimisheni leo, nami niwapitishe kesho. Joho nimekuja nalo, liko garini."