Mzinga Chumbani

Sheria ilikuwa moja: ukijenga kwenye ardhi ya wenyeji, nao watajenga nyumbani kwako, kwa ruhusa ya namna ileile uliyoichukua kwao.

Mhandisi Nasambu alirudi kutoka msitu wa Mau, alikosimamisha mnara, akamkuta Sironik, mrina asali wa Kiogiek, wenyeji wa msitu huo, akitundika mzinga nyumbani kwake, juu ya kitanda cha mtoto wa Nasambu.

“Mbona hukuniuliza?”

“Nilikuuliza jana kwa simu, dada. Ulinyamaza.”

“Nilikuwa bado nafikiri.”

“Hata sisi tulikuwa bado tunafikiri, ukawasha msumeno, ukaukata mti wetu wa mizinga.”

Nasambu alibeba godoro la mtoto hadi sebuleni, kisha akavaa tena buti zake.

“Naenda kuwauliza upya. Nitaketi mpaka mnijibu. Mkikataa, naung’oa mnara.”

“Na ule mti?” Sironik aliuliza taratibu.

Nasambu alinyamaza. Nyuki wa kwanza akaingia dirishani.