Kosa la Herufi Mbili

Mteja hakuvua miwani ya jua, ingawa mle katika duka la kupiga chapa mlikuwa na giza la kutosha. Alichagua kiti kinachotazama mlango, kisha akasukuma mezani cheti cha uuguzi kilichochakaa.

"Dada, nipigie kingine kama hiki. Jina nitakupa baadaye."

Mpiga chapa akakivuta karibu. Jina baadaye? Cheti gani cha halali huchapwa kabla mwenyewe hajajulikana? Mgongoni, mtoto wake wa miezi minne alikuwa amelala fofofo. Kughushi ni jela, na jela haimuulizi mtu kama ananyonyesha.

Akakipitia cheti neno kwa neno. Jicho likanasa mstari wa pili: confers to.

Ahaa! Njia ya mwongo fupi. Miaka miwili ya darasa la jioni la Kiingereza, muhula wa mwisho tumbo likigonga dawati, haikwenda bure. Kwa Kiingereza rasmi, chuo kinapomtunuku mtu stashahada, to haina kazi hapo; husemwa confers upon. Chuo kizima kikosee hilo? Thubutu!

"Kaka, hiki umekipata wapi?"

"Chuoni. Kwani vipi?"

"Kiingereza chake kinachechemea."

"We nawe! Mpiga chapa au profesa?"

"Vyote viwili, kwa mshahara mmoja."

Mtu yule akacheka, lakini meno tu ndiyo yaliyocheka. Mpiga chapa akaona ambane papo hapo, aropoke kabla hajamtia mtu matatani. Akafungua kompyuta, akamgeuzia kioo.

"Wauguzi wa chuo hichohicho wamepita hapa. Vyeti vyao viliharibika, maskini, kimoja mchwa, kingine mvua. Mwenye duka mwenyewe ndiye aliyewaleta. Sasa tazama vya watu wa kweli vinavyosema: confers upon. Kila kimoja."

Mteja akainama, akasoma polepole, kidole kikifuata mstari.

"Na hilo upon walikuja nalo wao?"

"Wapi! Walileta majina na tarehe tu, kwenye vikaratasi. Maneno niliyapanga mimi, kwa mkono wangu huu." Akajikuta anatabasamu. Tangu aanze kazi, hakuna aliyewahi kumuuliza habari za Kiingereza chake.

"Viko vingapi?"

"Saba. Havina kosa hata kimoja."

"Ni kweli, havina."

Mtu yule akavua miwani. Akaweka mezani kitambulisho cha upelelezi, taratibu, asije akamwamsha mtoto.

"Dada yangu, chuo kile kimeandika to tangu kifunguliwe, na mpaka leo hakuna aliyejisumbua kusahihisha. Vyenye upon ni vile tulivyovikamata mahospitalini. Navyo ni saba tu."