Nafasi ya Uhusiano

Mwalimu wa biolojia alikuwa ameshajaza jina, umri na kundi la damu kwenye fomu ya hospitali. Kalamu, iliyofungwa mezani kwa kipande cha bendeji, ikasita kwenye neno "Uhusiano".

"Huyu unayetaka kumpa figo ni nani wako?" aliuliza muuguzi.

"Anaosha vyombo vya maabara yangu. Mwaka wa kumi na tisa huu."

"Kwa hiyo si ndugu."

Asubuhi alikuwa amefundisha kwa nini nyuki hufa akitetea mzinga: nyuki wenzake wa humo ni dada zake, akifa yeye damu yake inabaki ndani yao. Binti mmoja darasani akauliza, "Na anayemfia asiye damu yake?" Akajibu kwamba hesabu hiyo haikubali.

Nyuma ya pazia mgonjwa mwenyewe, yule mwosha vyombo, alikohoa. "Mwambie aende zake, dada. Huyo atakuja kila Ijumaa kukagua kama figo yake nimeiosha."

Muuguzi akacheka. Mwalimu alitazama chaki iliyobaki chini ya kucha zake, kisha akaandika: *Ndugu*.

"Wa damu?"

"Fomu haijauliza hivyo," alisema, akaanza kukunja mkono wa shati.